Uliza Tukujibu: Nani Namba Moja Kwenye Piano ya Jazi?

SWALI: Shikamoo anko. Kijiweni kwetu hapa Tanga kuna ubishi hauishi. Jamaa mmoja kaja na listi ya wapiga piano kumi bora wa jazi wa wakati wote, Art Tatum wa kwanza, Oscar Peterson wa pili, Bill Evans wa tatu, halafu Thelonious Monk katupwa namba nane. Mimi ni mtu wa Peterson na naona alistahili namba moja. Mshkaji wangu mwingine anasema aliyeonewa ni Monk, ila mimi kila nikimsikiliza huyo Monk naona kama anakosea tu nota. Nani yuko sahihi kati yetu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na wewe, maana hiyo namba moja Peterson mwenyewe angekukatalia. Huyu bwana kazaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1925, na alipokuwa kijana anajiona keshaiva baba yake akamwekea sahani ya Art Tatum, akaamini kabisa wanaopiga ni watu wawili, alipoambiwa ni mmoja, tena mtu mwenyewe haoni vizuri, akakata tamaa akakaa muda bila kuigusa piano. Mpaka anakuwa staa wa dunia nzima aliendelea kumweka Tatum juu yake. Na ukitafuta rekodi ya Tatum ya mwaka 1933, ile ya Tiger Rag, utamwelewa, usikilize mkono wa kushoto tu, sahau wa kulia, huo mkono peke yake unafanya kazi ya besi na gita pamoja na bado una haraka. Alipoingia New York kutoka kwao Toledo, Ohio, wakali wa piano wa mtaa wa Harlem kina Fats Waller na James P. Johnson walipimana naye ubavu wakakubali yaishe.

Kwa hiyo kama listi inapima vidole, yaani spidi, usafi wa nota, mikono miwili kubeba bendi nzima, basi mwenye listi hajakosea, Tatum halafu Peterson, hapo sina ubishi.

Ila mimi nina kipimo kingine na hiki siachi. Mwondoe mtu kabisa, jifanye hajawahi kuzaliwa, halafu uliza waliokuja nyuma yake wangekosa nini. Ukimwondoa Peterson tunakosa raha kubwa sana (ile trio yake, yaani bendi ya watu watatu, na Ray Brown kwenye besi na Herb Ellis kwenye gita mimi siishi kuisikiliza), lakini wapiga piano waliofuata wangepiga karibu vilevile wanavyopiga. Mwondoe mpiga piano Bud Powell sasa, nyumba nzima imeanguka. Na wewe hata hujanitajia Powell yuko namba ngapi kwenye hiyo listi, hilo ndo limenishtua kuliko ishu ya Monk.

Powell alikuwa mtoto wa Harlem, kazaliwa 1924. Alichofanya ni kuchukua namna Charlie Parker alivyokuwa anapuliza saksafoni, sentensi ndefu zinazokimbia na kukata kona, akaihamishia kwenye mkono wa kulia wa piano, na mkono wa kushoto akaupunguzia kazi, ukawa unadonoa tu pale panapohitajika, mshindo mfupi, kimya, mshindo tena. Leo ukiingia klabu yoyote ya jazi ukamkuta kijana anapiga piano na besi na dramu nyuma yake, huo mpangilio wa mikono ni wa Powell, hata kama kijana mwenyewe hajui. Na alifanya haya huku maisha yanamwadhibu. Mwaka 1945 polisi walimpiga kichwani Philadelphia na baada ya hapo akawa anaingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, akapigwa na shoti za umeme kama tiba, amefariki 1966 ana miaka 41. Inaniuma kila nikikumbuka.

Sasa Monk na nota zake. Hakosei mwanangu, anakusudia. Kuna kitu anafanya mara kwa mara, anabonyeza vibao viwili vilivyokaa jirani kwa pamoja, vinasuguana, halafu anaachia kimoja na kingine kinabaki kinalia peke yake, sikio lako linasikia kama sauti imepinda. Piano haiwezi kupinda sauti kama gita, Monk kaipindisha kwa ujanja huo. Halafu kuna zile nafasi anazoacha, unangoja nota haiji, ikija inaingia pale usipoitarajia, na bado hajatoka kwenye mapigo hata kidogo, gonga mguu chini uone. Polisi wa New York walimnyang'anya kibali cha kupiga kwenye vilabu mwaka 1951, alipokipata tena 1957 akaingia klabu ya Five Spot akiwa na mpuliza saksafoni John Coltrane, na Coltrane mwenyewe alisema wazi kwamba kwa Monk alijifunza mengi. Nyimbo alizotunga mpaka leo mwanafunzi wa jazi hawezi kuzikwepa. Wa nane? Huo ni uonevu mtupu. Mshkaji wako kashinda.

Kama mnataka kuendelea na ubishi, basi bishaneni kwa masikio. Chukueni albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, piano yote humo ni ya Bill Evans isipokuwa wimbo wa pili, Freddie Freeloader, hapo kakaa Wynton Kelly. Mwekeeni asiyejua, asikilize wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu mfululizo. Kelly anachangamka, bluzi imemkaa mwilini, unataka kutikisa kichwa, akirudi Evans chumba chote kinapoa, nota chache zimepangwa kwa namna ya kukufanya unyamaze. Miles alijua wimbo upi unamtaka nani, na mimi namwona Kelly hakosi nafasi kwenye kumi bora yangu ingawa listi nyingi hazimkumbuki kabisa.

SWALI: Habari za kazi kaka. Hawa wapiga piano wa Marekani waliwahi kugusa Kiswahili au tunawashabikia bure tu? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Waliwahi, tena sana. Randy Weston wa Brooklyn alirekodi albamu ya Uhuru Afrika mwaka 1960, mipango ya vyombo na Melba Liston, mashairi ya Langston Hughes, na mwanzoni kabisa unamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisema kwa Kiswahili. Makaburu wakaipiga marufuku Afrika Kusini. Herbie Hancock naye miaka ya 1970 alijiita Mwandishi na bendi yote ikachukua majina ya Kiswahili, mpiga besi akawa Mchezaji, mpiga dramu Jabali, mpiga tarumbeta Mganga.

SWALI: Kaka, mimi nina moja tu. Kila listi ninayoona ni wanaume watupu. Hakukuwa na mwanamke? Msomaji wa kike, Arusha.

JIBU: Alikuwepo dada yangu, na kwa kipimo changu cha kumwondoa mtu uone pengo, huyu anawapita wengi waliopangwa mbele. Mary Lou Williams, 1910 hadi 1981. Alipiga piano na kupanga muziki wa bendi ya Andy Kirk kule Kansas City, akawaandikia muziki viongozi wa bendi Benny Goodman na Duke Ellington, na miaka ya 1940 nyumba yake Harlem ndo ilikuwa shule, kina Monk na Powell walikuwa wanakwenda pale usiku kumwonyesha walichotunga na yeye anawakosoa. Hawa hawa tunaowabishania! Mwaka 1945 akatoa Zodiac Suite, vipande 12, kila kimoja nyota yake ya kuzaliwa. Mtafute nyota yako uanzie hapo, halafu niandikie umesikia nini, na wale vijana wa Tanga wamwingize kwenye listi yao wiki hii hii.