Kurudi kazini na kumwachia dada mtoto mchanga: mimi nilivyopanga

Mleta mada, hongera kwa kulea na pole kwa mawazo. Kwa mliochelewa: likizo yake ya uzazi ameiunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka na zote zinaisha mwisho wa mwezi. Mtoto atakuwa na miezi mitatu na nusu. Dada wa kazi bado mgeni, mama mkwe anashinikiza mtoto aanzishiwe uji ili "ashibe", na yeye hajui aanzie wapi. Naona wengi mmemshauri anunue maziwa ya kopo na afunge kamera sebuleni. Mimi nina watoto watatu, naishi Kimara, ofisi iko Posta, na wote watatu niliwaacha na dada kabla hawajafikisha miezi minne. Nina maoni tofauti kidogo.

Mdogo wangu, kuanzia alfajiri unapotoka mpaka jioni unaporudi, hiyo nyumba ni ya dada. Sisi wengi tunaipanga kana kwamba ndio tutakaoshinda humo, halafu jioni tunamgombeza yeye kwa kila kilichoharibika. Ipange kwa ajili yake. Vuta picha yuko peke yake, mtoto analia, umeme umekatika na fundi anagonga geti. Anachokihitaji saa hiyo kiko wapi?

Anza na kazi zake. Hakuna binadamu anayeweza kulea mtoto wa miezi mitatu, kufua kwa mkono nguo za watu watano, kudeki, kupika maharage na kumpokea mkubwa akishushwa na gari la shule, vyote kwa siku moja na vyote vizuri. Kuna kitu kitaachwa, na kitakachoachwa ni mtoto, kwa sababu yeye hawezi kukushitakia, wakati sakafu chafu utaiona ukifungua mlango. Mimi nilipunguza. Nguo za wakubwa anafua mama mmoja wa mtaani anayekuja Jumamosi, namlipa siku hiyohiyo. Maharage nachemsha mwenyewe Jumapili, nagandisha kwenye makopo, dada kazi yake ni kuunga tu. Nikamwambia wazi: nikirudi nikakuta vyombo viko karoni lakini mtoto ameshiba, msafi na amelala, sina neno. Baba watoto alinung'unika habari ya vumbi kwenye meza ya televisheni. Nikamwonyesha kitambaa kilipo.

Sasa maziwa, maana ndiyo yanayokunyima usingizi. Kwanza dai haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ndiyo inayokupa siku 84 za likizo (100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja), na kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wanawake wengi hawaombi, wanaona aibu au hawajui. Kwa foleni yetu siwezi kutoka Posta nifike Kimara ninyonyeshe na kurudi ndani ya muda huo, kwa hiyo niliandika barua nikaomba nitoke mapema badala yake. Iandike kabla hujarudi, maana ukishaanza kukaa mpaka jioni kila mtu atazoea.

Kukamua anza wiki mbili hivi kabla, asubuhi, matiti yanapokuwa yamejaa. Mkono unatosha, mashine si lazima. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye chombo kilichochemshwa, kisha gawa kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, kiasi cha mlo mmoja kila kimoja, uandike siku na saa. Nje ya friji mwongozo wa kawaida ni masaa manne, lakini hayo ni kwa joto la nyuzi 25 au chini yake, na Dar ya Januari mnaijua wenyewe. Kwangu yakitoka kwenye titi yanaingia kwenye friji. Humo yanakaa mpaka siku nne ukiyaweka ndani kabisa, si mlangoni. Umeme ukikatika kuna kideli kidogo na chupa za maji zilizogandishwa. Dada asiyatie jikoni kuchemsha: anaweka kikopo ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu, anampa mtoto kwa kikombe kidogo kilicho safi, na anayoyabakiza mtoto yanamwagwa. Hilo la kumwaga lirudie mara nyingi. Dada anakuona ulivyohangaika kukamua, anaona dhambi kuyatupa.

Kikombe kitamshinda mtoto siku za mwanzo, atamwaga nusu kifuani. Chupa ni rahisi kumpa lakini kuisafisha nipple yake vizuri ni kazi, na dada akiwa na haraka ndipo kuhara kunapoanzia. Usimfundishe wewe kikombe, atanusa titi na kugoma. Mpe dada, wewe toka nje kabisa, nenda hata dukani.

Kwa mama mkwe usibishane. Wangu ni mama mzuri sana na alilea watoto wake wote kwa uji mwepesi wakiwa wadogo kuliko huyo, kwa hiyo ukimwambia uji ni mbaya unamwambia alikosea kulea, na mume wako yupo hapo amekaa, mzima. Nilimwomba anisindikize kliniki. Nesi mwenyewe ndiye aliyesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapana. Tangu hapo nikiwa kazini yeye ndiye aliyekuwa akimpigia simu dada: "Usimpe kitu huyo, nesi amekataa." Na mpe kazi ya heshima, wa kwangu alikabidhiwa kuogesha na kukanda mtoto kila akija.

Usalama wa nyumba kwa kifupi: ndoo ya maji isikae wazi bafuni, mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda, dawa ya panya isiingie ndani kabisa. Mtoto wa sasa hatambai lakini wa miezi minane anafika kila mahali.

Hili sasa naona hakuna aliyeligusa. Mwachie dada hela ya bajaji pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima kama mnayo, sehemu moja anayoijua, na umpe ruhusa ya kwenda zahanati bila kukuuliza. Joto limepanda, mtoto amekataa kunyonya, anapumua kwa shida, amelegea au ameshikwa na degedege: aende, simu atanipigia njiani. Wadada wengi wanasubiri bosi arudi kwa sababu wanaogopa kuambiwa wametumia hela ovyo. Kuna jirani pia, mama mtu mzima, nilimpelekea dada nikamtambulisha rasmi. Kamera siipingi, ila kamera haitabeba mtoto kumkimbiza hospitali.

Na dada awe mtu mzima jamani, si mtoto wa watu aliyetolewa shule. Mshahara tarehe ileile kila mwezi, Jumapili yake apumzike, na asile makombo. Wale wanaolalamika kwamba kila dada "ameenda kusalimia nyumbani hakurudi", wajiulize alikuwa analala wapi.

Chanjo ya wiki ya 14 usiiache ikuangukie ukiwa umesharudi ofisini. Nenda naye dada siku hiyo, nesi amwonyeshe namna ya kusoma kadi, maana chanjo ya surua ya miezi tisa huenda akampeleka yeye. Uliyeuliza huko juu kuhusu mapacha, nitakujibu usiku, hapa mkubwa anataka nimsaidie hesabu.