Skripti inapiga kazi kwenye laptop, kwenye seva inagoma

SWALI: Kaka mambo vipi, niko Ngamiani hapa Tanga, naangalia kompyuta za duka moja la jumla. Nina skripti ya bakapu, kwenye laptop yangu ya Fedora haina neno, nimeipeleka kwenye seva ya Ubuntu inaniandikia "[[: not found" halafu inaendelea tu kama hakuna kitu. Mstari wa kwanza ni #!/bin/sh. Kuna programu ya kunikagulia kabla bosi hajajua?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poa mtu wa Waja Leo. Hiyo sh ya mstari wa kwanza ndo programu inayosoma na kuendesha komandi za skripti. Kwenye Fedora sh ni bash yenyewe, programu kubwa ya kazi hiyo, ndo maana inameza kila kitu, ila Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 sh yake ni dash, nyepesi, inafuata POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, na mabano mawili [[ haiyajui kabisa, inadhani ni jina la komandi, ikiikosa basi if inahesabu jibu ni hapana na inarukia else. Sasa kama kwenye else ndo umeweka kufuta bakapu za zamani, umekwisha bwana.

Weka hivi: sudo apt install shellcheck devscripts. Ndani ya devscripts kuna checkbashisms, andika checkbashisms bakapu.sh itakutajia mstari kwa mstari. ShellCheck nayo inaeleza zaidi, angalia namba za maonyo yake zinazoanzia SC3, hiyo ya mabano ni SC3010, na dawa yake ni [ "$a" = "$b" ], alama ya sawasawa moja tu sio mbili. Zote zinasoma mstari wa kwanza, ukiandika bash pale zitanyamaza kuhusu haya mambo, labda uilazimishe kwa shellcheck -s sh.

Ninayoiogopa mimi ni &> ile ya bash ya kutuma majibu na erori zote kwenye faili la logi, kwa sababu haitoi erori yoyote, dash inaisoma kama & halafu >, yaani tar, komandi inayofungasha bakapu, inapelekwa nyuma ikafanye kazi yake huko, logi inabaki tupu, na mstari unaofuata unaanza kukopi faili ambalo halijaisha! Andika > logi 2>&1. Na dash -n usiitegemee, inaangalia sarufi tu, [[ inapita.

Ila kama seva zako zote zina bash, badilisha tu mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash ukalale, sio aibu. Ukihamia Alpine, Linux nyingine ndogo, ndo itabidi uandike upya au uiweke bash mwenyewe, maana bash haiji nayo.