Ultrasaundi ni safi, maumivu yako palepale

SWALI: Daktari, nina miaka 27. Tangu nivunje ungo, kila hedhi nalala siku mbili sijiwezi, na siku hizo hata kwenda haja kubwa ni kama nachomwa kisu. Nimepiga ultrasaundi mara tatu, zote safi. Daktari wa mwisho alisema ni maumivu ya kawaida, nikizaa yataisha. Je, naweza kuwa na endometriosisi na kipimo kisiione?

JIBU: Ndiyo, dada, unaweza. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, wakati mwingine kwenye utumbo au kibofu. Ultrasaundi huona vizuri uvimbe wa ovari uliojaa damu ya zamani. Vidoa vidogo vilivyotapakaa juu juu ndani ya nyonga kwa kawaida haivioni, na mwenye vidoa vichache anaweza kuumwa kuliko mwenye vingi. Vilivyozama ndani huweza kuonekana kwa ultrasaundi ya ukeni au MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku), ila mpimaji awe amezoea kuvitafuta. Kwa hiyo "safi" maana yake hakikuonekana kitu, basi.

Hilo la haja kubwa ndilo lililonishtua. Ulimwambia daktari? Wagonjwa huona haya kulitaja, na sisi madaktari mara nyingi hatuulizi. Andika kwa miezi 2 au 3: tarehe za hedhi, siku ulizoshindwa kazi, dawa ulizomeza, maumivu ya haja na ya tendo la ndoa. Nenda nayo kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, na akikuambia ni kawaida, muulize: "Kama si endometriosisi, ni nini?"

Si lazima uanze na upasuaji wa kamera, ule wa kuchungulia ndani ya tumbo ili kuuthibitisha ugonjwa. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu kuanza tiba kwa kuangalia dalili: dawa za maumivu kama naproxen, au za homoni. Ukitaka mtoto sasa, sema mapema, maana hizo za homoni huzuia mimba.

Na kuzaa si tiba. Wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito, kisha hedhi ikarudi na maumivu yake.

Ukiona damu kwenye kinyesi siku za hedhi, usisubiri miezi hiyo iishe.