Kabla hujanunua mashine ya kuchimba tokeni za akili mnemba

Siku hizi kuna mitandao inayoahidi kukulipa tokeni, yaani sarafu za kidijitali, ukiiachia kompyuta yako ifanye kazi za akili mnemba; huko ndiko kunaitwa kuchimba. Nianze na LUKU, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwama. Kadi ya RTX 4090, ile GPU inayopiga hesabu nzito ndani ya kompyuta, ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula mpaka wati 450. Ongeza prosesa, feni, diski na kinachopotelea kwenye pawasaplai, unafika wati 600 hivi. Iache iwake saa 24: uniti 14.4 kwa siku, uniti 432 kwa mwezi. Kwa nyumba ya kawaida, ukishavuka zile uniti za bei nafuu, uniti moja pamoja na kodi zake ni zaidi kidogo ya shilingi 350. Kwa hiyo kila mwezi unamlipa TANESCO zaidi ya shilingi 150,000, hujalipia intaneti bado, hujawasha kiyoyozi, na wala hujaona tokeni hata moja.

Hesabu hii niliipiga na dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar, fundi mzuri wa kompyuta, alipokuja kwangu akiwa moto kweli kweli. Alishaangalia video za kutosha. "Kaka, hawa jamaa wanamlipa yeyote mwenye GPU. Hao OpenAI wa ChatGPT kwisha habari yao." Nikamwambia vuta kiti, tuchukue karatasi.

Wazo lenyewe si la kitapeli, na mimi nalipenda. Akili mnemba kubwa zinatengenezwa na makampuni machache kwa sababu vifaa vyake ni ghali mno. Meta walipofundisha modeli (programu ya akili mnemba) ya Llama 3.1 yenye parameta bilioni 405, yaani namba ambazo modeli huzirekebisha inapojifunza, mwaka 2024, walitumia kadi za H100 zaidi ya 16,000, na kadi moja tu ya aina hiyo ni makumi ya maelfu ya dola. Mwaka huohuo xAI ya Elon Musk ilifungua kituo Memphis chenye kadi 100,000. Januari 2025 OpenAI na wenzake wakatangaza mradi wa Stargate wa dola bilioni 500. Mtu wa kawaida ataingilia wapi hapo? Ndipo wakaja watu na jibu: kadi zimetapakaa dunia nzima, tuziunganishe kwa intaneti, na kila anayechangia kazi alipwe tokeni. Bitcoin ilishaonyesha kwamba watu wasiojuana wanaweza kuchoma umeme mwingi ajabu kwa pamoja ilimradi kila mmoja analipwa. Sasa umeme huo uzalishe akili badala ya kufumbua mafumbo ya hesabu.

Mtandao unaotajwa zaidi ni Bittensor, ulioanzishwa na Jacob Steeves na Ala Shaabana. Tokeni yake inaitwa TAO, na imewekewa kikomo cha milioni 21 kama Bitcoin. Ndani yake kuna mitandao midogo mingi, kila mmoja na kazi yake: mmoja unajibu maswali kwa kutumia modeli huria, ambazo yeyote anaweza kuzipakua, mwingine unakodisha kompyuta, mwingine unafundisha modeli. Wachimbaji wanafanya kazi, wakaguzi wanaipima na kutoa alama, na malipo yanafuata alama. Katika tokeni mpya zinazotoka, wachimbaji wanapata asilimia 41, wakaguzi na waliowawekea dhamana ya tokeni asilimia 41, na mwenye mtandao mdogo asilimia 18.

Sasa swali ambalo nataka ulibebe popote uendapo: nani analipa? Simaanishi tokeni inapitia wapi. Nauliza fedha inatoka mfukoni mwa nani.

Kwenye mitandao mingi ya aina hii, sehemu kubwa ya malipo ya mchimbaji ni tokeni iliyochapishwa leo asubuhi. Mteja hajalipa kitu, au kalipa kidogo. Ni sawa na daladala inayopewa ruzuku kwa kila safari, abiria wawepo wasiwepo: dereva atakwenda Gongo la Mboto na kurudi siku nzima na viti vitupu, na akikuambia kazi inalipa hakudanganyi. Inalipa mpaka ruzuku ikatike. Na kwa Bittensor ruzuku ina kalenda yake. Desemba 2025 tokeni mpya zilikatwa nusu, kutoka 7,200 kwa siku hadi 3,600, na zitaendelea kukatwa. Tangu Februari 2025 kila mtandao mdogo una tokeni yake mwenyewe, na soko la tokeni hiyo ndilo linaloamua mtandao huo upate fungu gani. Kwa maana nyingine, mshahara wako unategemea wanunuzi wa tokeni wameamkaje.

Nisiwaonee. Ipo mitandao midogo yenye wateja wa kweli. Chutes, kwa mfano, ambao ni mtandao mdogo namba 64, unahudumia modeli huria kama za DeepSeek, na kuna watengeneza programu wanaoutumia bila hata kujua kwamba nyuma yake kuna TAO. Huo ndio ushahidi ninaoutafuta mimi: mtu anayelipa kwa sababu kazi yake imefanyika, hana habari na grafu ya bei.

Turudi kwa dogo. Tulifungua jedwali la mtandao mdogo mmoja aliokuwa anautamani. Liko wazi kwa kila mtu, na hapo lazima niwape sifa, maana hakuna kampuni kubwa ya akili mnemba itakayokuonyesha vitabu vyake hivyo. Mtandao mdogo huwa na nafasi 256, na 64 kati ya hizo ni za wakaguzi. Tukapanga safu ya malipo kuanzia juu. Wachache wa kwanza walikuwa wamebeba karibu kila kitu. Tukashuka, tukashuka, kisha zikaanza sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini ya ukurasa. Dogo akanyamaza.

Kila mmoja katika hao wa sifuri alilipa ada ya kujisajili, na ada hiyo hairudi, inachomwa, yaani inafutwa kabisa. Akishaingia anapewa muda wa kinga ambapo hawezi kutolewa, ambao kwa kiwango cha msingi ni bloku 4,096. Bloku moja, yaani fungu moja la kumbukumbu za mtandao, ni sekunde 12, kwa hiyo ni kama saa 13 na nusu na ushee. Muda huo ukiisha, akija mgeni na nafasi zimejaa, mwenye alama za chini kabisa anatolewa, na akitaka kurudi analipa ada upya. Sasa fikiria umeme unakatika Tabata saa mbili usiku, unarudi saa tano. Wenzako wa juu kwenye jedwali wana seva za H100 kwenye vituo vyenye jenereta, na wengine wana wahandisi wanaoshinda wakisoma msimbo wa wakaguzi kutafuta namna ya kuongeza alama. Hakuna mgao wa sawa kwa sawa humu, ni ligi.

Dogo hakununua mashine. Alibaki na kadi yake ndogo anayochezea gemu, akaitumia kujifunza kuendesha modeli huria nyumbani, na siku hizi anafungia watu mifumo ya namna hiyo maofisini. Analipwa kwa shilingi.

Kuhusu kuzishinda maabara kubwa, mimi nipo katikati. Tatizo kubwa miaka yote limekuwa mawasiliano. Kadi zikiwa kwenye seva moja zinapeana data kwa mamia ya gigabaiti kwa sekunde, ilhali faiba ya nyumbani inahesabiwa kwa megabiti. Mwaka 2023 Google DeepMind (ndiyo, maabara kubwa yenyewe) walitoa mbinu ya DiLoCo, ambapo kila kundi la mashine linajifunza peke yake kwa muda mrefu kabla ya kulinganisha matokeo na wenzake, na mawasiliano yakapungua mara 500. Kampuni ya Prime Intellect wakaiendeleza, na Novemba 2024 wakamaliza INTELLECT-1, modeli ya parameta bilioni 10 iliyofundishwa kwa mashine zilizotawanyika Marekani, Ulaya na Asia. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini angalia ndani: ilikuwa seva za H100 zisizozidi 14, kila moja na kadi nane, si kompyuta za sebuleni. Na walipotoa INTELLECT-3 mwishoni mwa 2025, waliifundisha kwa kadi 512 za H200 zilizounganishwa pamoja. Waliothibitisha kwamba kutawanya kunawezekana, kazi ilipokuwa kubwa walikusanya. Mimi hilo linaniambia mengi kuliko tangazo lolote.

Wapo wanaoendelea kushikilia njia ngumu. Templar, ndani ya Bittensor, walifundisha modeli ya parameta bilioni 1.2 ambapo yeyote aliruhusiwa kujiunga bila kuomba kibali, kisha wakaanza ya bilioni 72. Hao nawafuatilia kwa karibu.

Mahali ninapokushauri uingie bila woga ni upande wa mteja. Mimi hukodi kadi kwenye masoko haya ya kompyuta zilizotawanyika kwa ajili ya kugeuza mahojiano ya redio kuwa maandishi, kwa kutumia Whisper, modeli huria ambayo OpenAI waliitoa mwaka 2022, niliyoiongezea mafunzo kwa sauti za Kiswahili za Common Voice ya Mozilla. Kadi ya 4090 inakodishwa chini ya dola moja kwa saa. Naikodi, napiga kazi, naizima. Umeme ni wa mwenyewe, feni ni za mwenyewe, hasara ya kadi kuchakaa ni yake.

Kuna mambo ya kuzingatia. Mashine inaweza kupotea katikati ya kazi. Kwenye soko mojawapo nimewahi kuona mashine imezimika usiku wakati mafunzo yanaendelea, na haikurudi tena. Dawa yake ni kuhifadhi hatua za mafunzo nje ya mashine hiyo kila baada ya muda mfupi, na kuangalia rekodi ya mwenye mashine kabla ya kukodi, kwa sababu wa bei ya chini kabisa mara nyingi ana sababu. Jambo zito zaidi ni siri. Mwenye mashine anaweza kuona ulichoweka humo. Mahojiano yaliyokwisha kurushwa hewani, sawa. Faili za wagonjwa, mishahara ya wafanyakazi, sauti za wateja waliopiga simu, hapana. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitauliza kama kadi ilikuwa rahisi.

Na usiamini kila kadi unayoona imeorodheshwa. Aprili 2024 mtandao wa kukodisha GPU wa io.net ulivamiwa na watu waliosajili GPU za uongo kwa wingi wakisubiri tokeni za bure, mpaka ikabidi kila kadi ithibitishe kwa kufanya kazi kwamba ipo.

Upande wa funguo, zile namba za siri zinazofungua pochi ya tokeni zako, kuwa mkali. Julai 2, 2024, watu waliibiwa TAO za thamani ya takriban dola milioni 8. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameweka programu ya Bittensor yenyewe kutoka PyPI, ghala la programu ambalo kila mtu wa lugha ya Python analitumia, ila toleo moja la mwishoni mwa Mei lilikuwa limepandikizwa wizi ndani yake. Kwa hiyo funguo kuu isikae kwenye mashine unayofanyia kazi, maneno yako 12 ya kurejesha pochi yaandikwe kwenye karatasi, na toleo jipya la programu liache kidogo wenzako walipitie. Halafu kuna kilichotokea baadaye siku hiyo: wasimamizi wakaufunga mtandao mzima kwenye hali ya tahadhari, miamala ikasimama. Waliokoa fedha za watu, nawashukuru. Ila mtandao unaoweza kusimamishwa na watu wachache ndani ya saa chache una mwenyewe, hata kama tovuti inasema hauna.

Kuna na hizi programu zinazoahidi pointi ukiziachia tu intaneti yako. Grass ni mojawapo inayojulikana: laini yako inatumika kuvuta kurasa za mtandao, na data hiyo inauzwa kwa wanaofundisha modeli. Ulaya penye intaneti isiyo na kikomo sina ugomvi nayo. Hapa kwetu unanunua bando kwa gigabaiti, na laini yako umeisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Chochote kitakachopitia laini hiyo, kwa jirani au kwa mtu wa Brazil, kinaonekana umekifanya wewe. Wenzetu Nairobi walipanga foleni ndefu kwenye jumba la mikutano la KICC mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa sarafu wa Worldcoin, kwa tokeni za kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Unapopewa tokeni bure, angalia wewe umetoa nini.

Wanaokuja WhatsApp na "roboti ya akili mnemba inayochimba", na faida ya kila siku isiyobadilika, na bonasi ukileta watu wawili, hao hata hatuwajadili. Waliokuwepo enzi za upatu wa DECI wanaijua harufu hiyo. Mtandao wa kweli wa kuchimba haukuombi ulete mtu, kwani kila mchimbaji mpya anakupunguzia.

La mwisho ni kodi. Benki Kuu ilitoa tangazo mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na msimamo huo watu wengi wameubeba kama marufuku ya moja kwa moja na kuishia hapo. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kubadilisha au kuhamisha mali za kidijitali. Kenya nao walipitisha sheria ya watoa huduma za mali hizo mwaka 2025. Kwa hiyo ukipata tokeni, iwe kwa kuchimba au kwa kazi, andika tarehe, idadi na bei ya siku hiyo kwa shilingi, hata kwenye daftari. Kuja kuyatafuta hayo mwaka ujao, wakati bei imepanda na kushuka na pochi umeshabadilisha, ni kazi ya kukesha.