Kikundi chetu kinaweza kuishtaki halmashauri kwa Ibara ya 11?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea jijini Tanga. Tunasaidia familia zenye watoto wenye ulemavu, na kwa michango yetu wenyewe tumeshanunua viti mwendo viwili. Mama mmoja ana mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Ameenda ofisi ya ustawi wa jamii mara nne, na mara ya mwisho aliambiwa, "Si mna kikundi? Kiwasaidie." Tunaye pia kijana anayetembea kwa magongo, ameachishwa kazi kiwandani wiki tatu zilizopita baada ya kuomba ahamishwe kutoka ghorofa ya pili. Katiba, Ibara ya 11, inataja haki ya kupata msaada katika hali ya ulemavu. Je, kikundi kinaweza kwenda mahakamani kwa ibara hiyo?

JIBU: Katibu, hukuniuliza sana habari za kijana, lakini nitaanza naye kwa sababu muda unamkimbia. Mtu aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu, kuanzia siku ya kuachishwa, kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Wiki tatu zimeshapita. Aende kesho. Ajaze Fomu Namba 1, nakala moja amkabidhi mwajiri na apate uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha apeleke fomu hiyo pamoja na uthibitisho huo Tume. Siku 30 zikipita atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.

Muulize pia alifanya kazi hapo kwa muda gani. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita na mwajiri yule hawezi kutumia masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali. Bado anabaki na hoja ya ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60. Kifungu hichohicho kina jambo ambalo wengi hawalijui: mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwa hiyo barua au ujumbe wa simu ambao kijana aliomba ahamishiwe chini ni mali. Autunze. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi wenyewe. Kumhamishia mtu wa magongo ghorofa ya chini ni mfano wa wazi kabisa.

Ulizeni na kiwanda kina wafanyakazi wangapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 yao wenye ulemavu. Kiwanda cha watu 200 kinatakiwa kuwa nao sita.

Hapa ndipo kikundi chenu kinapoingia, tena kwa ruhusa ya sheria. Mbele ya CMA mtu anaweza kuwakilishwa na wakili, na kiongozi au mwanachama wa chama chake cha wafanyakazi, au na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Huyo wa mwisho unaweza kuwa wewe.

Sasa Ibara ya 11. Umeisoma sawasawa: inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini rudi nyuma kidogo, usome Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu ile ya Katiba, ambamo Ibara ya 11 imo, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Ni maneno mazito, na kwangu mimi ni pengo linaloumiza, kwa sababu haki ambayo mama yule anaihitaji zaidi ndiyo iliyowekwa mahali ambapo jaji hawezi kuigusa. Kesi ya Ibara ya 11 peke yake itaanguka.

Haki zinazoweza kudaiwa mahakamani ni zile za Ibara ya 12 hadi 29, ikiwemo usawa mbele ya sheria katika Ibara ya 13. Hata huko, marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri aeleze kwa kiapo jinsi ukiukaji ulivyomgusa yeye binafsi. Kabla ya hapo shirika liliweza kusimama kwa niaba ya umma. Njia salama ni mwenye jina kwenye shauri awe mama au mtoto, kikundi kikae pembeni kikisaidia nauli, nyaraka na wakili.

Mlango mwingine nao umebanwa. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya Tanzania kuhusu haki za watu wenye ualbino. Waliolipeleka shauri hilo ni mashirika matatu, likiwemo la hapa kwetu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Lilifunguliwa mwaka 2018. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja mahakamani hapo, na tangu Novemba 2020 shauri jipya la namna hiyo halipokelewi.

Kwa mama yule, basi, acheni Ibara ya 11, mshike Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kinaitaka pia iwe na rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi na kuwasaidia kila inapowezekana. Maneno "kila inapowezekana" watayatumia kama ngao. Ndiyo maana barua yenu isiombe "msaada" kwa ujumla. Iulize kama mtoto ameandikwa kwenye rejista, na kama hakuandikwa, kwa nini. Itaje tarehe zote nne alizokwenda, jibu alilopewa, na mahitaji yake kwa majina: mazoezi ya viungo, kiti mwendo kinachomfaa, nafasi shuleni. Iandikwe kwa Mkurugenzi, nakala kwa afisa ustawi. Nimeona barua nzuri zikipotea kwa sababu aliyezipeleka alizikabidhi mkononi akaondoka, kwa hiyo msitoke masjala bila nakala yenye muhuri na tarehe.

Wasipojibu, nendeni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Huko malalamiko hayalipiwi, na yanaweza kupelekwa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeathirika. Kuishtaki halmashauri ibaki hatua ya mwisho, na ijulikane mapema kwamba inahitaji kwanza notisi ya siku 90. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watawasaidia bila malipo.

Lile jibu la "si mna kikundi" lisiwatie unyonge. Hakuna kifungu kinachosema wajibu wa halmashauri unakwisha pale wananchi wanapojichangisha. Mnachotoa ninyi ni hiari, na mnaweza kukiacha mwezi ujao bila kuvunja sheria yoyote. Halmashauri haina hiari hiyo. Kila mnaponunua kiti mwendo, andikeni kwenye daftari lenu nani alikihitaji, aliomba wapi na alijibiwa nini, kisha mpeleke orodha hiyo kwa diwani kabla bajeti haijapangwa.

Na uniwie radhi kwa swali hili la mwisho: kwenye kamati yenu, wangapi wana ulemavu, au ni wazazi wa watoto hao? Ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 4(3), unaitaka serikali iwashirikishe watu wenye ulemavu kupitia mashirika yanayowawakilisha. Kikundi cha watu wenye moyo mwema tu hakitoshi kwa hilo. Yule kijana wa kiwandani, mkishamaliza CMA, muulizeni kama yuko tayari kuingia kwenye kamati.