Uzi wa sauti hausogei? Ulizia EMG (kipimo cha umeme wa msuli) kabla hujakubali "subiri tu"

Juzi kuna dada kanitumia meseji, miezi miwili iliyopita katolewa tezi ya shingo akaamka sauti imekuwa pumzi tupu, akinywa maji yanampalia, na daktari kamwambia asubiri tu itarudi. Jamani hilo neno "subiri" bado linaniuma, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na mimi ni mwalimu, bila sauti sina kazi.

Kwangu walipitisha kamera puani wakaona uzi wa kushoto umeganda, wakaishia hapo. Ila kamera inakuonyesha tu kwamba uzi hausogei, haikwambii kwa nini. Inawezekana neva imejeruhiwa, au neva ni nzima ila kile kiungo kidogo kinachogeuza uzi kimekwama, mfano kwa sababu ya bomba la kupumulia uliloingiziwa kooni. Matibabu yake hayafanani hata kidogo!

Nilikuja kupata jibu kwa daktari mwingine aliyenifanyia EMG. Wanachoma sindano nyembamba mbele ya shingo mpaka kwenye msuli wa uzi wa sauti, inasoma umeme wake, wewe unavuta "iiii", halafu unapandisha sauti iwe nyembamba, ambapo hapo wanapima msuli mwingine wenye neva yake tofauti, ndo wanajua jeraha liko wapi. Inauma kiasi na inataka kukohoza, ila inavumilika. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema mapema.

Msuli ukitoa umeme sawasawa na uzi bado umeganda, wanashuku kiungo. Msuli ukirusha umeme wenyewe wakati umetulia, ujue umepoteza neva yake. Wangu ulionyesha neva inaanza kuota tena, kwa hiyo sikukimbilia upasuaji wa kudumu, nikachomwa jeli ya muda ya kunenepesha uzi, nikafanya mazoezi ya sauti kila siku, na leo nafundisha darasa zima bila maikrofoni, namshukuru Mungu sana. Ila majibu mazuri sio ahadi, kipimo hiki kinaaminika zaidi kikisema neva haitarudi kuliko kikisema itarudi.

Muda nao ni muhimu, wengi wanapima kati ya wiki ya 4 na mwezi wa 6, ukiwahi mno majibu yanadanganya. Dada, wewe uko ndani ya muda kabisa, wiki hii rudi kwa daktari umuulize hivi: ni neva au ni kiungo? Akikwambia tena subiri, muombe barua ya rufaa kwa anayepima.