Rejesho la nyumba likikushinda

Dada wa Gungu, umeuliza ufanyeje maana rejesho la nyumba limekushinda tangu biashara ya dagaa iyumbe. Pole sana. Nenda benki wiki hii, kabla hawajakuandikia, uombe kwa barua mkopo upangwe upya: muda uongezwe, rejesho lipungue. Beba daftari la mauzo, waone unachoweza kulipa kweli. Tafadhali usiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili kulipa benki.

Wakikataa, tafuta mnunuzi mwenyewe, benki ikiridhia. Mnadani bei huanguka, na deni likibaki utaendelea kudaiwa. Ila usitishwe na dalali: Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, kama ilivyorekebishwa, inakupa notisi ya siku 60 kabla nyumba haijauzwa, na benki inawajibika kutafuta bei nzuri. Ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, una hoja mahakamani.

Je, shemeji alisaini? Kama mnaishi humo na hakuridhia nyumba iwekwe rehani, mwone wakili kabla ya yote.